Barua ya wazi kwa wenye programu ya shajara: tupeni kufuli la namba ya siri

Kwa Mkurugenzi Mkuu, kwa wasanidi wote, na kwa wahudumu wa wateja mnaopokea barua zetu,

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUFULI LA NAMBA YA SIRI NDANI YA PROGRAMU

Nawasalimu kwa heshima. Natumia programu yenu ya shajara kwa mwaka wa sita sasa, na sikupenda tufikie hatua ya kuandikiana mbele ya watu. Nimewaandikia faragha mara tatu. Mara ya kwanza nilijibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Mara ya pili mhudumu mmoja, kwa lugha ya adabu kabisa, alinieleza kuwa simu yangu tayari ina kufuli lake, nilitumie hilo. Mara ya tatu niliambiwa pendekezo langu limefikishwa kwa timu husika. Tangu siku hiyo yametoka matoleo manne. Tumepata rangi mpya, mwandiko mpya, vibandiko vya hisia na wijeti, yaani kidirisha cha kuweka kwenye skrini ya mwanzo. Kufuli hatujapata.

Jina la programu yenu sitalitaja hapa. Kulitaja ni kumwelekeza kila mwenye nia mbaya kwenye mlango usio na kitasa, na waliomo ndani ni watumiaji wenzangu. Ninyi mtajua kuwa barua ni yenu, kwa sababu nimewatumia nakala yake pamoja na namba tatu za kumbukumbu mlizonipa kila nilipoandika.

Nieleze kwanza kilichonifikisha hapa. Mama yetu aliugua muda mrefu, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Usiku, akishalala, niliandika. Niliandika dawa alizomeza na saa alizozimeza, maneno aliyoyasema akiwa na nguvu, na hasira zangu pia niliziandika. Ukurasa mmoja ulimhusu dada yangu mkubwa, ambaye wiki zile hakufika. Nilimwandika vibaya, kama mtu aliyechoka anavyoandika jambo ambalo kesho yake halitamki tena. Sikuwahi kumwambia na sikukusudia ajue. Baadaye alikuja, tukamuuguza mama pamoja, tukamzika pamoja.

Mwaka uliofuata simu ya dada iliishiwa chaji, akaniomba yangu apige mara moja. Nikaifungua kwa kidole changu nikampa. Akiwa ameishika, programu yenu ikaleta arifa: siku kama ya leo, mwaka jana, uliandika haya. Chini yake ikaweka mistari miwili ya mwanzo ya ukurasa ule. Jina lake lilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Akagusa, na ukurasa wote ukafunguka.

Simlaumu dada. Nani angeona jina lake akageuza uso? Tumezungumza mara nyingi tangu hapo, lakini hatujarudi tulipokuwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi ni mimi na kata ni programu yenu, nayo siku ile ilimwaga miguuni pa mtu ambaye kuliko wote sikutaka aloe.

Kwa hiyo nayaweka malalamiko yangu hapa, moja baada ya jingine.

1. Kufuli la simu halilindi simu ambayo imeshafunguliwa.

Mhudumu wenu alikuwa sahihi kwamba simu ina kufuli. Kufuli hilo humzuia mtu asiyeruhusiwa kuishika simu. Lakini simu huazimwa ikiwa wazi. Mtoto anataka mchezo, mgeni anataka kupiga, mwenzako kazini anataka kuona picha, fundi anataka kujaribu kioo alichobadilisha. Simu huporwa ikiwa wazi pia, mkononi mwa mtu anayezungumza. Na zipo nyumba nyingi ambamo simu moja ni ya watu wawili au watatu, na namba ya kuifungulia wanaijua wote. Watu wote hao wameshalivuka kufuli la simu, wengine kwa ruhusa yangu mwenyewe, na wakishalivuka hakuna kinachowatenga na maandishi yangu ya miaka sita.

Wenzenu wameliona hili zamani. Mwaka 2019 WhatsApp iliwapa watumiaji wake njia ya kuifunga kwa uso au kwa alama ya kidole, na mwaka 2023 ikaongeza njia ya kufunga mazungumzo fulani tu. Humo watu huwekeana salamu na mipango ya siku. Kwenu watu huweka yale wasiyomwambia mtu yeyote.

2. Maandishi yetu yanachungulia nje kupitia madirisha mengi.

Arifa ya kumbukumbu ni dirisha moja, na mimi limeniumiza. Wijeti yenu mpya ni la pili: inaonyesha sentensi ya mwisho niliyoandika kwenye skrini ya mwanzo, ambapo kila anayeishika simu huanzia. La tatu ni orodha ya programu zilizotumika karibuni, ambamo ukurasa niliouacha unaonekana kama picha ndogo, na herufi zake zinasomeka. Kwenye Android kuna alama ambayo msanidi huiweka kwenye dirisha la programu, FLAG_SECURE, na mfumo wenyewe ukaficha picha hiyo na kuzuia picha za skrini. Kuiweka hakuhitaji zaidi ya mstari mmoja wa msimbo. La nne ni faili mnalotupatia tukiomba nakala ya shajara nzima: linaangukia kwenye folda ya vipakuliwa, maandishi yakiwa wazi bila ulinzi wowote, likisubiri yeyote alifungue.

Mkiweka kufuli mlangoni na kuyaacha madirisha haya, mtakuwa hamjafanya kitu.

3. Kufuli liwe kufuli kweli, lisiwe pazia.

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Naogopa kwamba mtasikia kilio chetu na kutuwekea skrini yenye vitufe kumi, iliyotandazwa juu ya maandishi yale yale. Programu za namna hiyo zipo. Maandishi yamo kwenye faili lake kama yalivyokuwa, na namba ya siri yenyewe imeandikwa kwenye faili la mipangilio bila kufichwa. Anayejua njia ya kufikia faili za ndani, au anayeipata nakala rudufu ya simu, hana haja ya kubonyeza kitufe hata kimoja.

Maandishi yasimbwe, yaani yageuzwe kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo. Na yasisimbwe kwa namba ya siri peke yake, kwa sababu hesabu yake inakataa. Tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999, ni namba 10,000 tu. Tuseme mmetumia njia ya kuhakiki iliyo ya polepole kwa makusudi, ambayo kila jaribio linachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Aliyenakili faili akaenda nalo kwenye kompyuta atazimaliza namba zote kwa sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17. Kwa tarakimu sita, ambazo ni namba 1,000,000, atahitaji saa zisizofika 28. Mwizi mwenye subira ya siku moja na ushei anaisoma shajara nzima.

Dawa yake inajulikana, na wasanidi wenu wanaijua kuliko mimi. Ufunguo wa kweli uwe mrefu, uzalishwe na simu bila mpangilio wowote, na ulindwe ndani ya chipu ya usalama. Namba ya siri ninayoikumbuka mimi iwe ni ruhusa ya kuutumia ufunguo huo. Apple iliweka sehemu ya namna hiyo, iitwayo Secure Enclave, kwenye iPhone 5s mwaka 2013, na mwaka huohuo Android, kuanzia toleo la 4.3, ikawezesha funguo kulindwa na maunzi ya simu yenyewe. Ufunguo uliomo humo haunakiliwi kwenda nje, hivyo anayetaka kubahatisha inabidi abahatishe akiwa na simu ile mkononi. Na mahali ambapo lazima mhifadhi kitu cha kuihakiki namba, tumieni njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mojawapo, iitwayo Argon2, ilishinda shindano la kimataifa la njia za kulinda nywila mwaka 2015 na iko wazi kwa kila anayeitaka.

4. Anayebahatisha azuiwe.

Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alipitia namba za tarakimu nne zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja. Namba 1234 peke yake ilikuwa karibu asilimia 11 ya zote. Mwaka mmoja kabla yake, msanidi Daniel Amitay alikusanya namba zaidi ya 204,000 ambazo watu walizichagua kuifunga programu yake. Namba 10 zilizopendwa zaidi zilifikisha asilimia 15. Mojawapo ilikuwa 2580, ambayo ukiitazama kwenye vitufe ni mstari ulionyooka wa katikati, kutoka juu hadi chini. Maana yake anayekufahamu kidogo tu, akipewa majaribio kumi na mwaka wako wa kuzaliwa, hahitaji ujuzi wowote.

Basi programu izikatae namba za namna hiyo tangu siku ya kuzichagua. Iruhusu tarakimu sita na zaidi. Hizi nne tulizozizoea zilianzia kwenye mashine za kutolea fedha za miaka ya 1960: John Shepherd-Barron, ambaye mashine yake ilianza kazi katika benki ya Barclays huko Enfield mwaka 1967, alisimulia kwamba alifikiria tarakimu sita, mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Huo ni uamuzi wa mezani kwa watu wawili, na hatulazimiki kuufuata leo.

Baada ya makosa matano, programu imsubirishe mtu, na kila kosa jipya lirefushe muda. Hesabu ya makosa ihifadhiwe mahali pa kudumu. Nimewahi kutumia programu nyingine ambayo ukiifunga na kuifungua upya ilisahau kila kitu na kuanza kuhesabu kutoka moja, na ukisogeza saa ya simu mbele, muda wa kusubiri uliisha papo hapo. Ila msifute maandishi baada ya makosa kumi, kama wengine wanavyofanya. Mtoto anayebonyeza ovyo asiweze kufuta kifo cha bibi yake.

5. Kidole na uso ni nyongeza.

Najua itakuwa rahisi kwenu kuunganisha alama ya kidole na kumaliza kazi. Wengi watafurahi, na mimi mwenyewe siku nyingine nitaitumia. Lakini kidole cha mtu aliyelala huwekwa kwenye kioo asijue. Anayeishi na mtu asiyemwamini anahitaji kitu kilichomo kichwani mwake tu. Mtumiaji awe na haki ya kuchagua namba peke yake na kuzima vingine vyote, na namba hiyo iwe tofauti na ile ya kufungulia simu.

6. Wasioona wasisahauliwe.

Kisoma skrini kisizitamke tarakimu kwa sauti kila zinapobonyezwa, wala namba iliyoingizwa isitangazwe mbele za watu. Na kama mtaleta vitufe vinavyobadilisha nafasi kila mara ili kuwachanganya wachunguliaji, iwe ni hiari.

Haya ndiyo malalamiko. Sasa niseme kuhusu majibu ninayoyategemea, maana mengine nimeshapewa na mengine nimeyasikia wakipewa watumiaji wenzangu.

Mtasema mifumo ya simu yenyewe sasa inafunga programu yoyote. Ni kweli kwamba tangu iOS 18, iliyotoka mwaka 2024, mwenye iPhone anaweza kufanya hivyo, na watengenezaji kadhaa wa simu za Android wana njia zao. Lakini wengi wetu tunatumia simu ambazo hazifikiwi tena na masasisho hayo. Na hata zinapofikiwa, uso ukikataliwa iPhone huomba namba ya siri ya kufungulia simu yenyewe, ile ile wanayoijua wote nyumbani.

Mtasema watu watasahau namba zao na kuwalaumu ninyi. Hapa nakiri pana ugumu wa kweli, na sitaki kuupuuza. Maandishi yaliyosimbwa vizuri hayafunguki kwa huruma ya mhudumu wa wateja. Njia mliyo nayo ni kumpa mtumiaji, siku anapoweka kufuli, msimbo mrefu wa dharura aunakili kwenye karatasi, na kumlazimisha aandike tena sehemu yake ili mjue ameunakili kweli. Mwambieni kwa maneno mapana, kabla hajakubali, kwamba akipoteza vyote viwili maandishi yamepotea. Mtu mzima ataamua. Msifanye lile ambalo ni rahisi zaidi, la kutuma msimbo kwa ujumbe mfupi: ujumbe huo unaingia kwenye simu ile ile ambayo mwizi ameishika.

Mtasema programu itakuwa nzito. Sehemu ya kumi ya sekunde wakati wa kufungua hakuna atakayeihisi. Anayeona usumbufu apewe uchaguzi wa lini kufuli lijifunge: papo hapo, baada ya dakika moja, au baada ya tano. Asiyelitaka kabisa asiliwashe.

Mtasema kuna kazi nyingine zenye umuhimu zaidi. Hili ndilo siwezi kulikubali. Vibandiko vya hisia ni vizuri, navitumia. Lakini mtu anayeuza daftari la siri amejitwika jukumu la siri kabla ya jukumu la urembo, na sisi tuliandika tukiamini hivyo.

Ninachoomba ni hiki. Mtujibu hadharani ndani ya siku 30, kwa jina la mwenye mamlaka ya kuamua, mkisema mtafanya au hamtafanya. Kama mtafanya, mtutajie toleo litakaloleta kufuli, na mtueleze kwa lugha ya kawaida kama maandishi yatasimbwa na ufunguo utakaa wapi. Kufuli lisiwekwe kwenye kifurushi cha kulipia. Anayetumia bure ana dada na ana watoto kama anayelipa. Na kabla ya kazi hiyo kubwa, wiki hii hii, litolewe sasisho dogo linaloondoa maandishi kwenye arifa na kwenye wijeti, na kuficha ukurasa kwenye orodha ya programu za karibuni. Arifa iseme tu kwamba kuna kumbukumbu ya siku kama ya leo. Mwenyewe nitaifungua nikiwa peke yangu.

Kama jibu ni hapana, semeni hapana, na mtupatie njia ya kutoa maandishi yetu yakiwa yamefungwa kwa nywila ili tuyahamishie kwingine. Hilo nalo halimo kwa sasa, na ndilo linalonizuia kuondoka.

Nimeandika bila chuki. Programu yenu ilinishika mkono usiku ambao hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye, na wahudumu wenu hawakuwahi kunijibu vibaya. Nasubiri jibu. Kwa sasa nimezima arifa zote na kuiondoa wijeti, na tangu mwezi uliopita naandika kwenye daftari la karatasi ambalo nalifungia kabatini.

Wenu,

Mtumiaji wenu wa miaka sita